Safari ya Utende: Bibi na Karatasi Yake ya Kura

Msomaji mpenzi, kama wewe ni mtu wa bara, wa Sumbawanga au Kibondo au Mahenge, yumkini hujapata kufika Mafia, na labda huna hata nia ya kufika. Bahari si rafiki wa kila mtu. Lakini nakuomba leo tufuatane mpaka Utende, kijiji kilichoko upande wa kusini-mashariki wa kisiwa hicho, maana huko nilikutana na bibi mmoja aliyenifanya nifikiri sana juu ya nyumba zetu wenyewe.

Njia ni hii. Kutoka Dar es Salaam unashika barabara kuu ya kusini mpaka Bungu, katika wilaya ya Kibiti. Hapo unaiacha lami na kwenda kushoto mpaka Nyamisati, kwenye mikoko ya Rufiji. Nyamisati unapanda chombo. Ukiwa mgeni wa bahari, usile sana asubuhi ile. Chombo kinatoka polepole katikati ya mikoko, halafu ghafula pwani inabaki nyuma, na mbele huoni ila maji. Baada ya saa kadhaa unaona mstari wa minazi. Ndiyo Mafia, na bandari yake Kilindoni, iliyo upande wa magharibi. Kati ya Oktoba na Machi huenda ukamwona papa potwe karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko lori, lakini hana ubaya na mtu.

Kutoka Kilindoni mpaka Utende ni kilomita zipatazo 14. Barabara inakata kisiwa toka magharibi mpaka mashariki, kupitia minazi, mikorosho na mashamba ya muhogo. Kabla ya kuingia kijijini kuna lango, na mgeni analipa ada, kwa sababu Utende imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Eneo lake ni kilomita za mraba 822, na sehemu kubwa ni maji. Lakini usidhani ni kama mbuga ambayo watu wamehamishwa. Watu wamo, wanavua, wanalima, wanaoa na kuolewa humo humo, ila wanavua kwa kanuni.

Halafu unafika ufukoni, na hapo sharti usimame kidogo. Mbele yako kuna ghuba pana, maji ya rangi ya kijani na buluu, na ng'ambo yake visiwa vitatu: Chole, Juani na Jibondo. Chole ni karibu sana, mashua inavuka upesi. Wadachi walipokuja waliweka boma lao Chole, mpaka mwaka 1913 walipohamia Kilindoni. Magofu yake yako mpaka leo, mizizi ya miti imeyakumbatia. Kabla yao Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi walipatana huko Ulaya, na kisiwa kikaangukia upande wa Wadachi, wenyeji wasiulizwe neno. Mwaka 1915 Waingereza wakakitwaa kwa vita. Wenyeji hawakuulizwa tena. Nakutajia hayo kwa sababu leo tutasema habari za kuulizwa.

Nilifika wakati wa bamvua, yaani siku zile za mwezi mchanga na mwezi mpevu ambapo maji hupwa sana. Asubuhi bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Baadaye ilikuwa imerudi nyuma kabisa, ikaacha mchanga, matope na miamba. Na wakati maji yalipokuwa yakirudi nyuma, wanawake walikuwa wakishuka. Wamefunga kanga zao imara, mkononi wana kijiti chenye ncha au kipande cha chuma, begani kikapu. Wanakwenda kutafuta pweza.

Kazi hii, msomaji, inataka macho kuliko nguvu. Pweza hukaa katika tundu la mwamba, na tundu lake ni kama matundu mengine elfu, ila mwenye kujua huona maganda ya kaa na chaza yametupwa mlangoni. Mama anaingiza kijiti, pweza anakishika kwa hasira, mama anavuta. Pweza akiwa mkubwa huja juu ya mkono mpaka begani. Nilimwona mama mmoja akimbandua mkononi huku anazungumza na mwenziwe juu ya bei ya sukari, kana kwamba anavua bangili. Jioni pweza huuzwa, na fedha ile ni ya mama. Mara nyingi ndiyo inayonunua daftari za watoto na mafuta ya taa.

Tena iko habari nyingine ambayo watu wengi wa bara hawaijui. Katika Mafia mwanamke ana mali yake. Hurithi minazi kwa baba na kwa mama, na akiolewa minazi ile haiwi ya mume. Pat Caplan, mama Mwingereza mtaalamu wa mila za watu, alikaa kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, kuanzia mwaka 1965, akarudi mara nyingi kwa miaka mingi, naye ameandika kwa urefu jinsi wanawake wanavyorithi na kumiliki. Katika sehemu nyingi za bara mama analima shamba maisha yake yote, na mume akifa anaambiwa ondoka. Kwa hiyo tusije Mafia tukamwona mama amejifunika kanga mpaka machoni tukadhani kwamba yeye ndiye maskini wa haki na sisi ndio matajiri.

Basi nilikaa kivulini karibu na gati, na kando yangu alikuwa bibi mzee anasuka ukili. Vidole vyake vilikwenda peke yake. Macho yalikuwa baharini, akimtazama mjukuu wake kwenye mwamba.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Za huko utokako?”

Tulisemezana mambo ya mvua, ya nauli, ya vijana wanaokimbilia Dar es Salaam. Halafu nikamwuliza kama huwa anapiga kura. Akacheka mpaka ukili ukamponyoka. Akasema amepiga tangu wakati wa jembe na nyumba.

Vijana hawataelewa maneno hayo, kwa hiyo ngoja niyaeleze. Mwaka 1965 kulikuwa na uchaguzi wa Wabunge katika Tanzania nzima ya bara. Chama kilikuwa kimoja, TANU, lakini karibu katika kila jimbo waliwekwa wagombea wawili wa chama hicho hicho, watu wachague. Kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa picha ya jembe na mwingine picha ya nyumba. Mpiga kura alipewa karatasi, akaingia mahali pa faragha, akaweka alama yake penye jembe au penye nyumba.

Bibi yule wakati ule alikuwa ameolewa karibuni. Mumewe alimwambia nyumbani, tena mbele ya mama mkwe, wapi pa kuweka alama. Njiani akamkumbusha. Kwenye foleni akamkumbusha tena kwa macho, maana wanaume walisimama mstari wao na wanawake wao. Halafu bibi akaingia peke yake. Alisema kwamba maisha yake yote mpaka siku ile hakuwa amewahi kukaa mahali ambapo hapana baba, wala kaka, wala mume, wala mkwe, na mbele yake kuna jambo la kuamua.

“Ukaweka wapi, bibi?” nikamwuliza.

Akaokota ukili wake. “Aa, mwanangu. Hata yeye marehemu hakupata kujua.”

Msomaji, labda unasema hayo ni kichekesho cha vizee. Twende mbele, tena turudi nyuma kidogo, uone kwamba karatasi ile haikuja bure.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulianza Septemba 1958 katika baadhi ya majimbo, ukamalizika Februari 1959. Sheria haikusema kwamba mwanamke asipige kura. Ilisema tu kwamba mpiga kura awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 8, au cheo fulani. Tena sharti achague watu watatu kwa pamoja, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Haya, niambie, mwaka ule ni mama gani wa Utende, au wa kijijini kwako, aliyekuwa na paundi 150? Mlango ulikuwa wazi, lakini kizingiti kilikuwa kirefu kuliko mtu.

Hata hivyo wanawake wa pwani walikuwa wameanza kazi kabla ya kuwa na kura. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa kiongozi wa nyimbo katika ngoma ya lelemama. Mwaka 1955 TANU ilipoanzisha sehemu ya wanawake, yeye ndiye aliyeiongoza, akapitia vikundi vya ngoma, vya wauza pombe na vya wauza maandazi, na kwa muda wa miezi michache waliandikishwa wanawake wapatao 5,000. Waume wengi waliokuwa watumishi wa Serikali walikatazwa kujiunga na chama. Wake zao walinunua kadi. Katika Unguja na pwani nzima, mwanamke wa Kiislamu wa wakati ule hakutazamiwa kusimama mbele ya umati wa wanaume na kusema. Bibi Titi alisimama, akasema, na wanaume wakasikiliza.

Baadaye akawa Mbunge wa Rufiji, yaani ng'ambo ya pili ya maji tuliyoyavuka asubuhi. Na katika uchaguzi ule ule wa 1965, wa jembe na nyumba, alishindwa. Wanawake walikuwa na kura, na mwanamke mashuhuri kuliko wote akaanguka. Wako watu wanaoona haya kulitaja jambo hilo. Mimi sioni haya. Mwenye kura ya kweli anaweza kukunyima hata kama ni dada yake.

Hapo naomba kupita Ulaya kwa kitambo kidogo, maana baadhi yetu tulifundishwa na Masista na Mapadre kutoka Uswisi, hasa tuliokulia Mahenge, Ifakara na Dar es Salaam. Je, unajua kwamba wanawake wa Uswisi walipata kura katika uchaguzi wa taifa lao mwaka 1971? Februari 7, 1971, wanaume wa Uswisi ndio waliopiga kura kuamua kama mama zao na dada zao wapige. Kwa hiyo Sista wa Baldegg aliyekuwa akifundisha wasichana wetu kusoma mwaka 1962 aliwaona mama zao wakienda kumchagua Rais wa Tanganyika, Novemba 1 mwaka ule, naye kwao hakuwa na ruhusa hiyo. Nchi “iliyoendelea” na nchi “ya mila” si rahisi kuzitambua kwa kuangalia nguo za watu.

Turudi baharini. Watu wa Mafia wana jamaa Unguja na Pemba tangu zamani za majahazi, na habari za huko huwafikia kama habari za nyumba ya pili. Na huko ndiko kura ya mwanamke ilikopimwa kwa moto.

Uchaguzi wa kwanza wa Unguja na Pemba ulikuwa Julai 1957. Walipiga wanaume tu. Uchaguzi uliofuata ulikuwa Januari 1961, na safari hii wanawake walikuwamo. Wanaume wengi walikuwa wamesema kwamba wanawake wa heshima hawatatoka nyumbani kwenda kusukumana kwenye foleni. Walitoka, wenye buibui na wasio na buibui. Na tazama lililotokea: katika jimbo la Chake Chake, Pemba, mgombea wa Afro-Shirazi alishinda kwa kura moja. Moja tu! Jumla ya viti ikawa 10 kwa Afro-Shirazi, 9 kwa Hizbu, na 3 kwa chama cha watu wa Pemba na Unguja, hata haikuwezekana kuunda serikali imara, ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni. Kila mwanamke wa Chake Chake aliyejifunga kanga asubuhi ile, kwa upande wowote, aliweza kusema baadaye kwamba yeye ndiye aliyekuwa ile kura moja. Na kila mwanamke aliyezuiwa na mumewe asitoke aliweza kusema vile vile.

Tangu hapo hakuna mwanasiasa wa visiwani aliyediriki kusema kwamba wanawake si kitu. Lakini uzito ulileta na mashaka yake. Wazee wa Unguja wanaiita miaka ile “zama za siasa”: watu walisusiana maduka, walisusiana mazishi, na ndoa nyingine zilivunjika kwa sababu mume ni wa chama hiki na mke ni wa kile. Zamani mume hakuuliza mkewe ana chama gani, kwa kuwa ilikuwa kama kuuliza kivuli chake kina chama gani. Alipoanza kuuliza, ilikuwa ni alama kwamba amemwona.

Usidhani mambo hayo yalikwisha. Oktoba 25, 2015, palikuwa na uchaguzi mkuu. Baadaye chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, upande wa Zanzibar, kilitangaza kwamba wanawake 47 walipewa talaka kwa sababu ya kura zao. Ama walipiga kinyume cha amri ya mume, ama walikwenda kupiga bila ruhusa yake. Sasa sikiliza linalouma zaidi. Tarehe 28 ya mwezi ule ule mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kwamba uchaguzi wa Zanzibar umefutwa, na ukarudiwa Machi 20, 2016. Kwa hiyo wako wanawake waliorudi kwa wazazi wao na mtoto mgongoni kwa ajili ya karatasi ambayo hatimaye haikuhesabiwa kuwa kitu. Kura ilifutwa. Talaka haikufutwa.

Najua unavyosema moyoni, wewe uliyeketi na gazeti hili chini ya mwembe: hayo ni ya Waislamu wa pwani. Polepole, ndugu. Sisi hatuna talaka, lakini tuna njia zetu. Ni nyumba ngapi kijijini kwako ambamo kadi ya mama ya kupigia kura imefungiwa katika sanduku la baba, pamoja na risiti za kahawa? Ni baba wangapi wanaosema “sisi nyumbani tumekwisha amua,” na mama anasikia habari hiyo mara ya kwanza mbele ya wageni? Nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo, na marehemu baba alikuwa mtu mwema. Hakumpiga mama hata siku moja. Alinuna tu, na kununa kwake kuliweza kudumu wiki tatu.

Ndiyo maana naona kwamba nguvu yote ya mama imo katika siri. Idadi anayo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na wanawake walikuwa 31,687,990, zaidi ya nusu. Katika daftari la wapiga kura la mwaka 2025 watu walipita milioni 37, na wanawake walizidi nusu kidogo. Lakini idadi bila siri ni bure, kwa maana mume mmoja huwa na kura mbili, na mwenye wake wanne huwa na tano.

Wakenya walionja jambo hilo mwaka 1988. Katika kuteua wagombea wa KANU hawakutumia karatasi. Watu walipanga mstari nyuma ya mgombea au picha yake, wakahesabiwa mchana kweupe. Waliita mlolongo. Watu wengi wamesimulia jinsi mistari mirefu ilivyotangazwa mifupi, na mifupi mirefu. Lakini fikiri pia habari ya mke: mumewe yuko mstari huu, mwajiri wake anatazama, mkwe wake anatazama. Atasimama wapi? Mlolongo uliachwa baada ya kelele nyingi, nayo ilikuwa heri.

Wenye kugombea wameijua njia nyingine ya kuvunja siri, nayo ni kanga. Zamani mgombea alikwenda kwa wazee wa kiume, akanywa nao kahawa, mambo yakaisha. Alipotambua kwamba wanawake ndio wanaoamka alfajiri na kujaza foleni, alianza kuja na kanga, sukari na mchele. Mwaka 2000 sheria yetu iliruhusu jambo lililoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikata shauri kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Kanga hazikukoma kwa hukumu ile. Bibi wa Utende aliniambia kwamba hupokea kanga ya kila mtu, maana kanga haioni ndani ya sanduku la kura. Sikumsifu wala sikumlaumu, nilicheka tu. Ila wewe na mimi tunajua kwamba mtu aliyenunua hurudi kudai.

Sasa utauliza, kura hiyo inamletea mama wa Utende nini? Anachohitaji kukipata ni maji karibu na nyumba, zahanati yenye mkunga, shule, na mwamba wake wa pweza. Mambo matatu ya kwanza wagombea wamejifunza kuyasema. Siku hizi hakuna anayepanda jukwaani bila kuahidi kumtua mama ndoo kichwani, na hilo lenyewe ni tunda la kura za wanawake. La nne ni gumu zaidi. Pweza hukua upesi ajabu, na umri wake ni mfupi. Huko Kisiwa Panza, Pemba, na kisiwani Songosongo, wanakijiji wamejaribu kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wanaifungua kwa siku maalum. Ni akili njema. Lakini nani anaamua mwamba upi ufungwe? Ukifungwa ule wa karibu, unaofikiwa kwa miguu, anayepata hasara kwanza ni mama. Mwanamume ana ngalawa na miwani ya kuzamia, ataenda mbali.

Jambo kama hilo haliamuliwi Dodoma. Linaamuliwa katika halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 ana haki ya kuhudhuria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7, na wanawake wasipungue 3. Hesabu ni nzuri. Lakini umewahi kuona mkutano wa kijiji cha pwani? Wanaume wamekaa mbele chini ya mwembe, wanawake wako nyuma au kando, ukili mkononi. Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno. Wanaume watano wanasema. Wanawake wanatazamana, mmoja anamnong'oneza mwenziwe jambo ambalo lingemaliza shauri zima, nalo linaishia pale pale. Kwenu siyo tofauti sana, ila mwembe huenda ukawa mparachichi.

Ndiyo sababu uchaguzi wa mwenyekiti na wajumbe wa kijiji, kama ule wa Novemba 27, 2024, ni mkubwa kwa mama kuliko unavyodhaniwa. Mkutanoni hatasema mbele ya mkwe wake. Mbele ya karatasi atasema, na yule anayetaka uenyekiti anajua hivyo.

Sitakuficha upande wa pili. Machi 19, 2021, mwanamke wa Zanzibar, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na wanawake wengi wa pwani waliosimama mbele ya redio siku ile walihisi jambo ambalo mama zao hawakuliota. Lakini uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika bila CHADEMA, chama kikubwa cha upinzani, kuwamo, na siku ile na zilizofuata zilikuwa siku za machafuko na vifo katika miji kadhaa. Kina mama walizika watoto. Nimesema kwamba nguvu ya kura imo katika siri. Naongeza kwamba imo pia katika kuwapo wa kuchagua. Jembe peke yake bila nyumba, au nyumba bila jembe, siri yake haina kazi.

Maji yalianza kurudi. Kwenye ghuba ya Utende hurudi haraka, unaona mifereji midogo inajaa kwanza, halafu mchanga unapotea bila kelele. Wanawake walikuwa wakirejea mmoja mmoja. Mjukuu wa bibi alikuja na pweza watatu katika kikapu, akatuamkia, akamwinamia bibi ili amwonyeshe. Bibi aliwapima kwa mkono na kusema wa tatu angeachwa akue.

Nikafanya jaribio la mwisho. Nikamwambia, “Bibi, wote waliogombea mwaka ule watakuwa wamekwisha kufa. Niambie tu. Jembe au nyumba?”

Akainuka, akakung'uta kanga yake, akamkabidhi mjukuu ukili.

“Mwanangu,” akasema, “gari la Kilindoni litakuacha.”